Binti wa Toro Mbele ya Kamera

Nilikulia Lemara, Arusha, na kwetu jina la Idi Amin lilitajwa pamoja na Vita vya Kagera. Tulimjua kwa bunduki zake. Mwanamke aliyekuwa waziri wake wa mambo ya nje mwaka 1974 nilikuja kumjua ukubwani, tena kupitia filamu.

Elizabeth Bagaaya alizaliwa 1936, binti wa George Rukidi III, Omukama wa Toro, magharibi mwa Uganda. Alisoma Gayaza, kisha Uingereza hadi Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1965 akawa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika Mashariki kufikia uwakili nchini Uingereza. Mwaka huohuo baba yake alifariki. Mdogo wake, Patrick, akarithi kiti, naye Bagaaya akawa Batebe, dada rasmi wa mfalme na mshauri wake.

Cheo hicho hakikudumu. Mwaka 1967 serikali ya Milton Obote ilifuta falme zote. Huku kwetu machifu walikuwa wamekwisha kuondolewa mwaka 1963, chini ya rais ambaye mwenyewe alikuwa mtoto wa chifu, Julius Nyerere wa Butiama. Nyerere alikuwa na dola mkononi. Bagaaya alibaki na elimu yake na sura yake.

Sura ndiyo iliyomfungulia mlango. Princess Margaret alimwalika kwenye maonyesho ya mavazi Uingereza, na mwaka 1969 akawa kwenye jalada la Harper's Bazaar. Kisha akaenda Nigeria kuigiza katika filamu iliyounganisha riwaya mbili za Chinua Achebe. Alipewa nafasi ya Clara. Aliyesoma No Longer at Ease anakumbuka kwamba Clara ni osu: ukoo wake umetengwa, kwa hiyo wazazi wa Obi hawamtaki awe mkwe wao. Binti aliyelelewa kuheshimiwa kwa sababu ya damu aliigiza msichana anayekataliwa kwa sababu ya damu, miaka michache tu baada ya sheria ya nchi yake kusema damu hiyo haina cheo tena.

Januari 1971 Amin alimpindua Obote, na Bagaaya akarudi nyumbani. Nalielewa tumaini lake: aliyeufuta ufalme wao alikuwa ameondoka. Amin alimfanya balozi wa kuzunguka, kisha, Februari 1974, waziri wa mambo ya nje. Aliyemtangulia, Michael Ondoga, aliuawa, na maiti yake ikakutwa katika mto Nile. Septemba Bagaaya alihutubia Umoja wa Mataifa. Novemba alifukuzwa kazi, huku Amin akitangaza kwamba alifanya ngono na Mzungu katika choo cha uwanja wa ndege wa Paris.

Ulikuwa uzushi, lakini uzushi uliochaguliwa kwa makini.  Alishambuliwa palepale alipojulikana zaidi, kwenye mwili wake. Mwaka 1975 alitoroka kupitia Kenya, na magazeti yaliyorudia kashfa hiyo akayashtaki, akashinda.

Mwaka 1984 alionekana katika Sheena, filamu ya Kimarekani iliyopigwa Kenya, akiwa mganga anayemlea mtoto wa Kizungu porini. Miaka miwili baadaye alikuwa balozi wa Uganda mjini Washington.

Wengi humsimulia kama mrembo aliyeingia siasa. Mimi naona kinyume. Siasa alizaliwa ndani yake. Uigizaji ndio aliouchagua. Filamu ilipokwisha, alivua mavazi ya Clara akaenda zake. Uwaziri ulipokwisha, ilibidi akimbie nchi.

Falme zilirejeshwa mwaka 1993. Patrick alipofariki mwaka 1995, kiti cha Toro kilikwenda kwa mwanawe Oyo, mwenye umri wa miaka 3, na Bagaaya akawa miongoni mwa walezi wake. Nani angeelewa vizuri zaidi nafasi ambayo mtoto hupewa kabla hajaulizwa?