Meza ya Halloween ilivyotoka jikoni ikaingia kiwandani

Mwaka 1909 kampuni ya karatasi ya Dennison, ya Framingham katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ilitoa kijitabu kiitwacho Bogie Book. Kilikuwa kijitabu cha maelekezo: namna ya kukata karatasi ya krepu ya rangi ya chungwa na kuizungushia ukingo wa meza, namna ya kutengeneza paka weusi, popo na wachawi wa kusimamishwa kati ya sahani, na michezo ya kuwachangamsha wageni usiku wa tarehe 31 Oktoba. Karatasi hizo ziliuzwa na kampuni hiyohiyo.

Biashara ilikubali. Kuanzia 1912 kijitabu hicho kilitoka karibu kila mwaka kwa zaidi ya muongo mmoja, na kina mama wa mijini na vijijini wakawa wanakifuata kama wanavyofuata mapishi. Leo mtu akiona picha za meza za Wamarekani za mwezi wa Oktoba, zenye maboga, mishumaa na buibui wa bandia, hudhani anatazama desturi ya kale ya watu wa Ulaya. Sikukuu yenyewe ni ya kale kweli. Meza yake si ya kale: iliundwa karne iliyopita, na mikono iliyoiunda kwa sehemu kubwa ni ya wauza karatasi.

Chanzo cha sikukuu ni Samhain, siku ambayo Waselti wa Ireland na Uskoti walifunga mavuno na kuupokea msimu wa giza na baridi. Waliamini kwamba usiku huo mpaka kati ya walio hai na wafu hulegea. Katika karne ya 9 Papa Gregory wa Nne aliieneza sikukuu ya Watakatifu Wote ya tarehe 1 Novemba, ileile ambayo Wakatoliki wa Tanzania, Kenya na Kongo huiadhimisha hadi leo, ikifuatwa kesho yake na kumbukumbu ya Marehemu Wote. Halloween ni mkesha wa Watakatifu Wote.

Katika nyumba za wakulima wa Ireland usiku huo, meza haikupambwa. Chakula chenyewe ndicho kilichokuwa na maneno. Palikuwa na colcannon, yaani viazi vilivyopondwa na kuchanganywa na kabichi, na palikuwa na barmbrack, mkate mtamu wa zabibu kavu uliofichwa pete ndani yake. Aliyekuta pete katika kipande chake alihesabiwa kuwa ataoa au kuolewa kabla ya mwaka kwisha. Mshairi wa Uskoti Robert Burns, katika shairi lake la Halloween aliloliandika mwaka 1785, ameeleza mchezo wa bakuli tatu: moja lina maji safi, la pili maji machafu, la tatu ni tupu. Kijana hufungwa kitambaa machoni, kisha hunyoosha mkono wa kushoto. Akigusa maji safi atapata mwali, akigusa machafu atapata mjane, na akigusa bakuli tupu hatapata mtu.

Zaidi ya karne moja baadaye mchezo wa namna hiyo ulikuwa bado unachezwa mjini Dublin. James Joyce aliuweka ndani ya hadithi yake fupi “Clay”, iliyo katika kitabu cha Dubliners cha mwaka 1914. Mezani kuna visahani. Mmoja hupata pete, mwingine kitabu cha sala, mwingine maji. Maria, mwanamke wa makamo ambaye hajaolewa, hugusa udongo laini, na waliomzunguka wananyamaza, kwa sababu kila mmoja anajua udongo huashiria kifo.

Taa zilikuwapo pia, lakini mahali pake palikuwa nje, getini au dirishani, ili kutisha wapita njia na kufukuza pepo. Zilichongwa kwenye tanipu, mboga ya mzizi iliyo ngumu kuchimbua. Makumbusho ya Taifa ya Ireland, katika tawi lake la maisha ya vijijini huko County Mayo, yamehifadhi nakala ya plasta ya taa moja ya aina hiyo. Ina uso uliokunjamana na meno yaliyotawanyika, na inatisha kuliko boga lolote la dukani.

Njaa kuu ya mwaka 1845 hadi 1852 iliua watu wapatao milioni moja nchini Ireland na kuwasukuma wengine zaidi ya milioni moja kuhama. Wengi wao walishukia Marekani, na huko walikuta boga. Ni zao la huko: mbegu zilizopatikana katika pango la Guilá Naquitz, Oaxaca, Mexico, zinaonyesha kwamba watu walianza kulilima yapata miaka 10,000 iliyopita. Boga ni kubwa, lina uwazi ndani, na huchongeka kwa urahisi. Tanipu ikasahaulika.

Wakati huohuo Wamarekani walikuwa wanaijenga meza nyingine ya msimu wa mavuno. Sarah Josepha Hale, katika riwaya yake Northwood ya mwaka 1827, alieleza kwa kirefu karamu ya shukrani ya New Hampshire, bata mzinga akiwa amewekwa mahali pa heshima mezani na mikate ya boga ikisubiri zamu yake. Baadaye akawa mhariri wa jarida la Godey's Lady's Book, akapigania kwa miaka mingi siku ya shukrani itambuliwe na taifa zima. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, Rais Abraham Lincoln aliitangaza. Tangu hapo mavuno yakawa na meza yake mwishoni mwa Novemba, na maboga yanayowekwa Oktoba yakapata sababu ya kubaki mwezi mzima.

Kilichobaki kilikuwa kuiletea Halloween meza ya aina hiyo, na hapo ndipo Dennison ilipoingia. Haikuwa peke yake. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ujerumani iliuza Marekani taa za karatasi iliyofinyangwa na vikopo vya peremende vyenye sura za kutisha. Kampuni ya Beistle ya Pennsylvania nayo ilileta mapambo ya karatasi nyepesi yenye vitundu kama sega la nyuki: hukaa bapa ndani ya bahasha, ukiyakunjua yakawa maboga mazima ya kusimama katikati ya meza. Yalikuwa rahisi, yalisafirishwa kwa posta, na yaliweza kutupwa asubuhi yake. Msomaji wa Pwani atashangaa kwamba bundi na paka mweusi, wanaofukuzwa kwake kwa kuhofiwa mkosi, huko walialikwa karamuni.

Kufikia mwaka 1958 mapambo ya Halloween yalikuwa yamepata heshima ya dola. Mamie Eisenhower, mke wa rais, aliwaandalia wake za wafanyakazi wa Ikulu ya Marekani chakula cha mchana cha Halloween, na chumba cha karamu za kitaifa kikapambwa kwa mabua ya mahindi, maboga na viunzi vya mifupa. Lakini watoto walikuwa wameshahamia mlangoni. Mgao wa sukari wa wakati wa vita ulipoondolewa mwaka 1947, kuzunguka nyumba kwa nyumba kuomba peremende kulishika kasi, na karamu ya mezani ikabaki ya watu wazima.

Boga halisi lilirudi mezani kwa nguvu katika miaka ya 1990, jarida la Martha Stewart Living, lililoanza mwaka 1990, likiwa mstari wa mbele. Rangi ya chungwa peke yake haikutosha tena. Wapambaji walitafuta boga jekundu la Kifaransa liitwalo Rouge Vif d'Etampes, lile la kijivu la Jarrahdale kutoka Australia, na vijiboga vyeupe vinavyoenea kiganjani.

Hata hivyo, mengi hayaliwi. Maboga ya kuchongwa yana nyama yenye majimaji na ladha hafifu, huku ya kusindikwa makoponi, ambayo sehemu kubwa hulimwa jimboni Illinois, yakiwa ya aina nyingine kabisa. Lakini Rouge Vif na Jarrahdale ni chakula kizuri. Basi mwenye ndugu ughaibuni amwambie: boga zima lisilopakwa rangi wala kuchongwa halistahili kwenda jalalani tarehe 1 Novemba. Alikate, alipike kwa tui la nazi na iliki, na mbegu azikaange.