Vijiji viwili vya Ludewa na hoja ya samaki

Mwaka 1996 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha utafiti uliobeba jina la Lugalawa, huko Ludewa, kusini mwa Tanzania. Madaktari kutoka Italia walikuwa wamewapima watu zaidi ya elfu moja wa vijiji viwili. Kimoja kiko mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako mtu alikula gramu 300 hadi 600 za samaki kwa siku. Kingine kiko milimani, na chakula chake karibu chote kilitoka shambani.

Watu wa ziwani walikutwa na presha ya chini zaidi, na lehemu yao ilikuwa pungufu kuliko ya wenzao wa mlimani. Damu yao pia ilikuwa na mafuta mengi ya omega-3.

Hoja kwamba mafuta ya samaki hulinda moyo ilikuwa ya zamani. Miaka ya 1970 Wadenmark wawili, Hans Olaf Bang na Jørn Dyerberg, walipima damu ya Wainuiti wa Greenland, walaji wa sili na samaki wa bahari ya barafu. Lugalawa ikaongeza jambo: hata samaki wa ziwani ana mafuta ya omega-3. Yakiingia kwenye utando wa seli, husaidia mishipa kutanuka, hupunguza mafuta yanayozunguka katika damu na hufanya chembe sahani zisigandamane ovyo.

Vidonge vya omega-3 vina historia yenye utata. Mwaka 1999, Waitaliano waliowapa wagonjwa zaidi ya 11,000 wa moyo gramu moja kwa siku waliona vifo vikipungua. Mwaka 2018 yalitoka matokeo ya jaribio la Marekani kwa watu wapatao 26,000 wasio na historia ya ugonjwa huo; mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo, vikijumlishwa, havikupungua kwa kiasi cha kuaminika.

Tukirudi kwa samaki wenyewe, si kila mtu anaishi karibu na ziwa: kijiji cha Ntoto, mashariki mwa Kongo kati ya Masisi na Walikale, kiko mbali na Ziwa Kivu, ambako samaki wadogo waitwao sambaza kutoka Ziwa Tanganyika walipandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Samaki mkavu husafiri vizuri kuliko mbichi, ila mwenye chumvi nyingi, kama makayabu, aloweshwe na maji yamwagwe kabla ya kupikwa. Chumvi ikibaki, presha ile ile ambayo samaki angesaidia kuishusha itapandishwa na chungu.