Sukuma-vuta bustanini

Ukilitaja neno "sukuma-vuta" kwa mkulima wa mboga wa Shighatini, Upare ya Kaskazini, huenda akadhani unamuuliza habari za sukuma wiki. Sivyo. Ni istilahi ya kilimo: mdudu husukumwa na mmea asioupenda uliochanganywa na zao, na wakati huohuo huvutwa na mmea mwingine uliopandwa pembeni kwa ajili yake.

Watafiti wa Australia waliibatiza mbinu hiyo mwaka 1987, wakipambana na nondo wa pamba. Kwetu ilikomaa miaka ya 1990 kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, chini ya ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, na wenzao wa kituo cha utafiti cha Rothamsted, Uingereza. Zao lilikuwa mahindi. Harufu ya desmodiamu katikati ya mistari humkera nondo wa funza wa mabua, na mizizi yake hudhibiti gugu la kiduha. Mabingobingo ukingoni humwita nondo akatage huko, ambako funza wengi hufa wakinaswa na utomvu.

Wengine husema "vuta-sukuma", nami sina ugomvi nao, mradi vitenzi vyote viwili vibaki. Bustanini "vuta" ndiyo husahaulika. Hupandwa kivumbasi, mchaichai au nanaa kando ya kabichi, ikaitwa "mimea fukuzi", basi.

Jina hilo linaahidi kupita kiasi. Kivumbasi kikavu kilichopondwa hukinga nafaka ghalani, na mafuta yake hufukuza mbu. Mmea ulio hai hautoi harufu kali kiasi hicho. Huko Wellesbourne, Uingereza, watafiti Stan Finch na Rosemary Collier walionyesha kwamba nzi wa mizizi ya kabichi hakuzuiwa zaidi na mimea yenye harufu kuliko isiyo na harufu. Nzi hutua kwenye chochote cha kijani, akaonja kwa miguu. Akikosea mara nyingi, huondoka. Ningeiita "mimea pumbazi".

Kwa hiyo kichaka kimoja cha kivumbasi pembeni hakitoshi. Kiingie kati ya mistari. Upande wa kuvuta, nondo wa mgongo wa almasi hupenda haradali, nayo ipandwe kabla ya kabichi. Lakini haradali haiui viwavi kama mabingobingo yanavyoua funza, hivyo ing'olewe na kuharibiwa kabla viwavi hawajageuka nondo.