Tiketi Iliyobuniwa Kumchunga Karani

Baba yangu alikuwa karani wa tiketi Tabora enzi za East African Railways, na aliendelea na kazi ile ile baada ya shirika kuvunjika mwaka 1977 na kila nchi kuchukua reli yake. Mtoto wa karani hujua mapema jambo ambalo abiria halimpitii akilini: ile kadi ndogo ngumu haikuwekwa kwa ajili ya abiria. Iliwekwa kwa ajili ya baba. Kila kadi ilikuwa na namba, na namba zilifuatana. Za Kigoma zilikaa kwenye mfereji wake ndani ya kabati, za Mwanza kwenye wake, za Dodoma kwenye wake. Karani alichomoa ya chini kabisa, akaipitisha kwenye mashine ya tarehe, tak, akamsukumia mtu dirishani pamoja na chenji yake.

Zamu ikiisha aliandika namba ya kadi iliyobaki chini. Ukitoa ya asubuhi kwenye ya jioni, ukazidisha kwa nauli, unapata fedha zinazotakiwa kuwamo kwenye droo. Zikipungua, mshahara wa karani hupungua nazo. Hata tiketi ya mtoto ilikatwa pembe kwa mkasi, na ile pembe ikatunzwa, maana bila hiyo mkaguzi wa hesabu angeweza kusema umeuza tiketi ya mtu mzima na nusu ya nauli umeitia mfukoni. Baba alikuwa na bahasha nzima ya vipembe vya karatasi, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa kama tulivyokatazwa kugusa jiko la mkaa.

Sasa naishi Leeds, katika nchi iliyoizaa kadi ile, na huku mambo yamegeuka juu chini. Anayechungwa ni abiria. Mabango ya stesheni yanamtisha yeye, sheria inamnyooshea kidole yeye, na karani hayupo kabisa. Nimekuwa nikisoma historia ya reli za hapa kwa swali moja tu: shaka ilihama lini kutoka upande mmoja wa dirisha kwenda upande wa pili?

Mwanzoni hapakuwa na mfumo wowote. Reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa mwaka 1830, makarani waliiga magari ya farasi: abiria aliandikwa kwa mkono, karatasi kwa karatasi, huku foleni ikisubiri. Reli ya Leicester na Swannington, iliyoanza mwaka 1832, ilitumia vibati vya shaba vyenye pembe nane, vilivyochongwa jina la stesheni na namba. Ukifika unakirudisha, na mlinzi wa treni anakibeba kwenye mkoba wa ngozi hadi kilikotoka, kikauzwe tena. Kwa reli fupi mpango huo ulifaa. Kwa reli ya kuunganisha miji mikubwa usingefika mbali.

Aliyekata mzizi wa fitina alikuwa mtu aliyefilisika. Thomas Edmondson, aliyezaliwa Lancaster mwaka 1792, wa madhehebu ya Quaker, alikuwa fundi wa samani. Alifanya kazi kwenye kampuni mashuhuri ya Gillows, kisha akajaribu biashara yake mwenyewe mjini Carlisle, ikafa. Mwaka 1836, akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu, alikubali kazi ya kusimamia stesheni ndogo ya Milton kwenye reli ya Newcastle na Carlisle. Kazi ya kuandika tiketi kwa mkono ilimchosha. Lakini kilichomsumbua zaidi, kwa jinsi ninavyomwelewa mimi, ni kwamba mtu mwaminifu hakuwa na namna ya kuonyesha uaminifu wake. Karani aliyeandika karatasi kumi na kupeleka fedha za nane hakutofautiana kwa macho na aliyepeleka fedha zote.

Basi akachapa vipande vya kadi, akavipa namba kwa kufuatana. Fundi saa wa Carlisle aitwaye John Blaylock akamsaidia kutengeneza mashine ya kugonga tarehe. Mkono wa seremala unaonekana katika mpango wote: mifereji ya mbao ya kupangia kadi, kisanduku cha kuzihesabia, kila kitu kimekaa mahali pake. Kadi ilikuwa na urefu wa milimita 57 na upana wa milimita 30 hivi, na ukubwa huo haukubadilika tena kwa zaidi ya karne na nusu.

Kampuni yake haikuona maana ya uvumbuzi huo. Reli mpya ya Manchester na Leeds iliiona, ikamchukua mwaka 1839. Edmondson alilinda haki ya uvumbuzi wake na kuziuzia kampuni leseni kwa bei rahisi kukokotoa: shilingi 10 kwa mwaka kwa kila maili ya njia. Mwenye maili 30 alilipa pauni 15. Alipopata fedha aliwatafuta wale waliomdai tangu alipofilisika, akawalipa. Alifariki mwaka 1851, na kadi yake ikaendelea kusafiri kuliko yeye: Ulaya bara, India, Australia, na kwetu Afrika Mashariki, hadi kwenye kabati la baba pale Tabora.

Nimefika Milton. Siku hizi inaitwa stesheni ya Brampton, nayo iko mbali kidogo na mji wenyewe. Haina karani. Mahali alipofanyia kazi karani aliyewafundisha makarani wa dunia nzima kufunga hesabu, huwezi kumkuta mtu wa kukuuzia tiketi. Nilisubiri treni pale nikicheka peke yangu, na mama mmoja aliyekuwa na mbwa akasogea upande wa pili wa benchi.

Si kwamba abiria wa zamani walikuwa malaika. Sheria ya reli ya mwaka 1845 ilikuwa na faini isiyozidi shilingi 40 kwa aliyesafiri bila kulipa kwa nia ya kukwepa nauli. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1889, na hiyo ina kisa chake. Tarehe 12 Juni mwaka huo, treni ya matembezi ya shule ya Jumapili kutoka Armagh, Ireland, ilishindwa kupanda mlima. Wakaikata vipande viwili, mabehewa ya nyuma yakaserereka na kugongana na treni iliyokuwa inafuata. Watu 80 walikufa, watoto wakiwa miongoni mwao. Milango ya mabehewa ilikuwa imefungwa kwa ufunguo baada ya tiketi kukaguliwa, asije akapanda asiyelipa. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilikuwa limelazimisha breki zinazoshika treni nzima, na ndiyo maana wanahistoria wa reli huisifu sheria hiyo. Ndani ya sheria hiyo hiyo, kifungu cha 5 kinamtaka abiria aonyeshe tiketi, au alipe nauli, au ataje jina na anwani yake. Kinamtia hatiani pia anayesafiri bila kulipa kwa nia ya kukwepa. Kifungu hicho bado kinatumika leo.

Neno lenye uzito hapo ni nia. Mwenye reli alitakiwa kumthibitishia hakimu kwamba huyu bwana alikusudia kuiba. Na kuthibitisha kusudio hakukuwa kugumu sana wakati kila stesheni ilikuwa na dirisha, karani na mkusanya tiketi mlangoni. Mtu aliyeruka ukuta wakati dirisha liko wazi amejieleza mwenyewe.

Mashine zilikuja taratibu na bila ugomvi. Reli za chini ya ardhi za London zilikuwa na mashine za sarafu tangu mwaka 1904, zikimpunguzia karani foleni. Tarehe 5 Januari 1964, geti linalofunguka lenyewe lilijaribiwa kwenye stesheni ya Stamford Brook. Hayo yalikuwa mambo ya jiji. Mapinduzi yenyewe yalifanyika mashambani, na yalianza kwa kuondoa watu kabla ya kuleta mashine. Ripoti ya mwaka 1963 ya Richard Beeching, mkuu wa shirika la reli la taifa, ilisababisha stesheni kufungwa kwa maelfu. Nyingi zilizosalia ziliachwa bila mfanyakazi, na kondakta akauza tiketi ndani ya treni kama konda wa basi. Miaka ya 1980 shirika hilo, British Rail, liliondoa hata wakusanya tiketi kwenye milango ya stesheni nyingi, likaziita stesheni za wazi. Ukishafungua banda, usishangae kuku kutoka.

Hapo ndipo ninapoweka alama yangu kitabuni. Shirika lilikuwa limeokoa mishahara, sasa likaanza kupoteza nauli, na kulikuwa na njia mbili: kurudisha watu au kumbana abiria. Likachagua ya pili. Mwaka 1989 Bunge lilipitisha sheria ya nauli ya adhabu kwa British Rail, ikaanza kutumika kwenye njia za London na kusini-mashariki. Ukikutwa bila tiketi ulilipa angalau pauni 10, na hakuna aliyekuuliza nia yako. Hakuna hakimu, hakuna rekodi ya uhalifu, hakuna ushahidi wa kusudio. Huna tiketi, basi. Mwaka uliofuata, mwezi wa Februari, British Rail iliacha kutumia kadi ya Edmondson. Hakuna aliyepanga mambo hayo mawili yafuatane, lakini mimi siwezi kuyasoma bila kuyaweka pamoja.

Wabunge hawakuwa vipofu. Waliona kuwa huwezi kumtoza mtu adhabu kwa kukosa kitu ambacho hakikuwa kinauzwa. Kwa hiyo masharti yaliwekwa: bango la onyo lionekane, na pawe na njia ya kununua tiketi, la sivyo adhabu haitozwi. Ndipo ikaja mashine ninayoipenda kuliko zote katika historia hii. Iliitwa PERTIS, kisanduku kilichosimama kwenye stesheni isiyo na mtu. Haikuuza tiketi. Ulitumbukiza sarafu uliyokuwa nayo, hata peni tano, ikakutolea karatasi yenye jina la stesheni, saa na kiasi ulichoweka. Hicho kilikuwa kibali cha kusafiri. Ukikutana na mkaguzi unamwonyesha, unalipa kilichobaki, yameisha. Mashine ile haikukuuliza uwezo wako, ilikuuliza nia yako, na iliridhika na peni tano. Zimeng'olewa karibu zote, zikaja zenye kioo cha kugusa zinazouza kila kitu, zenye nauli za aina ambazo baba asingeweza kuzieleza akiwa na kitabu cha nauli mkononi. Saa za msongamano, nje ya msongamano, kupitia hapa, bila kupitia pale, kampuni hii tu. Karani mzuri alikuwa akikuuliza maswali mawili kisha anakupa tiketi inayokufaa. Leo ukichagua vibaya kwenye kioo, kosa ni lako.

Adhabu yenyewe imekua. Pauni 10 zikawa 20, na tangu tarehe 23 Januari 2023, kwa England, ni pauni 100 pamoja na nauli ya safari yako. Ukilipa ndani ya siku 21 inashuka hadi pauni 50 pamoja na nauli hiyo. Rufaa zipo, za ngazi tatu.

Lakini ile sheria ya 1889 haikulala. Kampuni za treni, zilizochukua nafasi ya British Rail, ziliruhusiwa kutumia utaratibu mpya ambapo hakimu mmoja huamua kesi ndogo kwa karatasi, faraghani, bila mshtakiwa kufika mahakamani. Zikapeleka huko hata kesi za kifungu cha 5, ambazo utaratibu huo haukuzihusu. Mwezi Agosti 2024, hakimu mkuu Paul Goldspring alitangaza mashtaka hayo kuwa batili tangu mwanzo. Zilikadiriwa kuwa zaidi ya kesi 74,000, na miongoni mwa kampuni zilizohusika ni Northern, ambayo treni zake husimama Brampton. Miezi michache baadaye kijana mmoja alitishiwa kushtakiwa kwa sababu kadi yake ya punguzo haikuruhusiwa kutumika saa ile. Tofauti ya nauli ilikuwa pauni 1.90. Magazeti yalipopiga kelele, kampuni ikaachana na kesi, na serikali ikaagiza mdhibiti wa reli achunguze mfumo mzima.

Mimi si mtetezi wa wadandiaji. Anayepanda treni kila siku bila kulipa anatuibia sisi tunaolipa, na baba asingenisamehe nikisema vinginevyo. Ninachosema ni kwamba Edmondson alimpa karani kitu cha kujitetea nacho: namba. Mkaguzi akija, karani alifungua daftari, na daftari likasema kwa niaba yake. Abiria wa leo ametwikwa kazi ya karani bila kupewa daftari.

Kwa hiyo watu wamejitengenezea la kwao. Mpwa wangu alipokuja kusoma Bradford, kitu cha kwanza nilichomweleza kuhusu treni za huku hakikuwa ratiba. Nilimwambia: mwanangu, ukikuta mashine mbovu, ipige picha kwa simu, kioo na namba ya mashine vionekane na saa isomeke, halafu ukipanda mtafute kondakta wewe kabla hajakutafuta yeye. Akaniuliza kama picha hizo azifute akishuka. Nikamwambia azitunze mpaka mwisho wa mwezi.