Dhana ya Ujiji: historia fupi ya kitenzi kimoja cha Kiingereza

Miongoni mwa maswali ambayo mwanafunzi wa Kiingereza nchini hakosi kuyauliza ni tofauti iliyopo kati ya vitenzi viwili, "assume" na "presume". Jibu la vitabuni ni fupi. Cha kwanza ni kuchukulia jambo kuwa kweli bila ya kuwa na ushahidi, pengine kwa ajili ya mjadala tu. Cha pili ni kulikubali jambo kwa sababu zipo dalili zinazoelekea huko, na kuliacha lisimame hadi litakapothibitika vinginevyo. Mwalimu akitaka mfano, aghalabu haendi mbali. Humtaja Henry Morton Stanley pale Ujiji mwaka 1871, akivua kofia mbele ya mzee mwenye ndevu za mvi na kumwambia kwamba anadhani, kwa kitenzi hicho cha pili, kuwa yeye ndiye Daktari Livingstone.

Somo huishia hapo. Ningependa liendelee, kwa sababu sentensi ile ina historia ambayo sarufi peke yake haiwezi kuieleza, na historia hiyo inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu Waingereza.

Kwanza, hatuna hakika kwamba ilitamkwa. Stanley aliliweka tukio lile tarehe 10 Novemba, ilhali shajara ya Livingstone inaliweka mwishoni mwa Oktoba; maradhi ya safarini yalivuruga hesabu ya siku. Livingstone aliandika habari za kuwasili kwa mgeni wake kwa furaha kubwa, lakini maneno yale mashuhuri hakuyataja. Katika shajara ya Stanley, karatasi zinazohusu kukutana kwao zimechanwa. Mwandishi wa wasifu wake, Tim Jeal, katika kitabu kilichotoka mwaka 2007, anaona kuwa huenda sentensi ile ilitungwa baadaye, Stanley alipokaa kuandika. Mimi naelekea kukubaliana naye, ingawa hoja yangu haisimami juu ya hilo. Iwe aliisema Ujiji au aliitunga mezani, aliichagua, na kuchagua kwake ndiko kunakotufunza.

Habari zilipofika Uingereza mwaka 1872, watu walicheka. Jambo hili ndilo nisingependa mwanafunzi alipite haraka. Kisarufi, Stanley hakukosea hata herufi. Dalili zote zilikuwapo: mzee wa Kizungu, amekonda, amesimama katikati ya waungwana wa Kiarabu katika mji ambao hapakuwa na Mzungu mwingine. Kitenzi alichokichagua ndicho hasa kilichostahili. Walichokicheka ni usahihi wenyewe. Mtu ametembea miezi kwa miezi kutoka pwani, amefiwa na wenzake njiani, kisha anasalimu kama aliyepo katika ukumbi wa matajiri wa London, ambako si adabu kumsemesha mtu kabla ya kutambulishwa. Wenye lugha walisikia mara moja kuwa huyu anaiga. Alizidisha adabu kwa namna ambayo mzaliwa wa adabu ile asingezidisha.

Na kweli alikuwa anaiga. Mtu tunayemjua kwa jina la Stanley alizaliwa mwaka 1841 katika mji wa Denbigh, Wales, kwa jina la John Rowlands, mtoto wa mama asiyeolewa. Alilelewa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Lugha ya utotoni mwake ilikuwa Kiwelisi. Kiingereza kilikuwa lugha ya shule, ya mahakama na ya mabwana. Mwaka 1847, alipoingizwa katika nyumba ile, ndio mwaka ambao makamishna wa serikali walitoa ripoti juu ya elimu ya Wales wakikilaumu Kiwelisi kwa ujinga na hata kwa upungufu wa maadili ya watu wake. Katika shule nyingi za Wales za karne ile, mtoto aliyenaswa akizungumza lugha ya mama yake alivishwa shingoni kipande cha ubao chenye herufi W.N., naye alikivua kwa kumnasa mwenzake. Aliyebaki nacho jioni alichapwa.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia mwaka 1986 kisa hicho hicho cha shuleni kwao Kenya, isipokuwa Kiwelisi kimeondoka na Kikuyu kimeingia. Na zipo shule zetu za leo, zenye mabango ya kuvutia barabarani, ambazo mtoto anayesema Kiswahili uwanjani hupata adhabu ya namna hiyo. Mbinu ile haikubuniwa kwa ajili ya Mwafrika. Ilijaribiwa kwanza kwa maskini wa Ulaya wenyewe, na mmoja wa watoto wa mazingira yale ndiye aliyekuja kuipatia Ujiji sentensi yake ya Kiingereza.

Sasa tugeukie mji wenyewe. Tukimsoma Stanley kwa makini, tutaona kwamba sentensi ile haikuwa Kiingereza cha kwanza kutamkwa siku hiyo. Msafara ulipokaribia, na watu wakimiminika kwa salamu za "jambo", alijitokeza Abdullah Susi, mtu wa Shupanga kwenye mto Zambezi, akamwamkia mgeni kwa Kiingereza. Kisha akaenda mbio kumwarifu Livingstone kuwa amemwona Mwingereza. Hapa pana kichekesho ambacho vitabu vya shule havikitaji: aliyekuja alikuwa Mwelisi aliyejitangaza kuwa Mmarekani, akitanguliwa na bendera ya Marekani, aliyekuwa akimngoja alikuwa Mskoti aliyeanza kazi ya kiwanda cha pamba akiwa na umri wa miaka kumi. Mwingereza hasa hakuwapo.

Lugha ya mji haikuwa Kiingereza wala haikuwa moja. Wenyeji walisema Kijiji na Kiha. Wafanyabiashara waliotoka pwani na Unguja walisema Kiarabu na Kiswahili. Wanyamwezi wa misafara na Wamanyema wa ng'ambo ya ziwa walikuwa na lugha zao, na wote walikutana katika Kiswahili. Richard Burton na John Speke walipofika Ujiji Februari 1858, Speke hakuwa na lugha ya kuzungumza na watu ila kupitia kwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India, nao wawili hao walielewana kwa Kihindustani. Yaani sehemu ya yale ambayo Waingereza walijifunza juu ya ziwa letu ilipita katika Kiswahili, ikapita katika Kihindustani, ndipo ikaingia katika Kiingereza. Bombay huyo huyo alikuwamo katika msafara wa Stanley miaka kumi na mitatu baadaye. Burton, alipochapisha kitabu chake mwaka 1860, ilimbidi awafafanulie wasomaji wake viambishi vyetu: kwamba U- ni nchi, M- ni mtu, Wa- ni watu na Ki- ni lugha. Wakati huo Mwingereza ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa sarufi.

Nani alimgeuza mwanafunzi kuwa msahihishaji? Si ubora wa lugha. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 chini ya Wajerumani. Mwaka 1916 Wabelgiji waliutwaa mji, wakaja na Kifaransa chao, na mwaka 1921 wakawaachia Waingereza. Katika miaka saba, mtu yule yule wa bandarini Kigoma alitawaliwa kwa lugha tatu za Ulaya, na kila mtawala aliyeingia alimkuta akifanya kazi kwa Kiswahili. Kama Wabelgiji wangekaa, leo mwanafunzi wa Ujiji angekuwa anasumbuliwa na jinsia za nomino za Kifaransa, na tungeambiwa kuwa Kifaransa ndicho lugha ya sayansi.

Tulipojitawala tulilisahihisha jambo hili nusu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kiendelee hadi sekondari na kuendelea. Serikali haikukubali. Kwa hiyo, kwa miongo mingi, mtoto wa Ujiji aliulizwa katika mtihani wa Historia habari za misafara ambayo mababu zake waliiendesha kwa Kiswahili, naye alitakiwa ajibu kwa Kiingereza. Akikosea wakati wa kitenzi, ilionekana hajui historia. Najua wapo wanaosema kuwa Kiingereza ni ufunguo wa ajira na dunia. Sikatai. Nakifundisha, nakipenda, na ningetaka kila mwanafunzi akijue vizuri kuliko anavyokijua sasa. Lakini kukifundisha kama somo ni jambo moja, na kukifanya lango la kila somo jingine ni jambo jingine.

Watumishi wa umma wanaosoma safu hii watauliza kitenzi cha Stanley kinawahusu nini. Kinawahusu sana. Sheria zetu zimejengwa juu yake. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitika. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema kuwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mume na mke, watachukuliwa kuwa wameoana kihalali mpaka ithibitishwe kuwa sivyo. Hiyo ndiyo maana kamili ya kitenzi kile cha pili: kuna dalili, tunakubali, na mlango wa kupinga uko wazi. Mwanamke wa Mwanga au Bangwe aliyeachwa baada ya miaka mingi bila cheti anasimama au anaanguka kwa tofauti hiyo.

Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua niliyoipokea kwa furaha, lakini imetuletea kazi. Neno letu la karibu ni "dhana". Tatizo ni kwamba vyuoni tumekwisha kulitumia neno hilo hilo kwa maana ya wazo au mawazo ya kinadharia: dhana ya maendeleo, dhana ya uhuru. Msomaji akikuta "dhana ya ndoa" katika hukumu, je, ataelewa kuwa mahakama inazungumzia ndoa inayochukuliwa kuwapo, au atadhani kuwa hakimu anajadili falsafa ya ndoa? Mtu wa mitaani naye akisikia dhana hufikiria kushukiwa. Hapa hatuhitaji wivu wa lugha wala nyimbo za kukisifu Kiswahili. Tunahitaji mtu akae na kifungu baada ya kifungu, apime maneno, aamue lipi libebe nini, na wote tulishike. Uangalifu tunaoutumia kuwakata watoto alama kwa ajili ya vitenzi viwili vya Kiingereza ungetosha kuikamilisha kazi hiyo.

Kuhusu Susi, habari zake hazikuishia mlangoni pa nyumba ya Ujiji. Livingstone alifariki mwaka 1873, na Susi, pamoja na James Chuma na wenzao, waliubeba mwili wake na karatasi zake hadi pwani. Mwaka 1874 wawili hao walifika Uingereza, wakakaa na Horace Waller aliyekuwa akitayarisha shajara za mwisho za marehemu kwa ajili ya kuchapwa. Waliokuwapo safarini ni wao. Waller aliuliza, wao wakaeleza, na masimulizi ya siku za mwisho yaliyomo kitabuni yametoka vinywani mwao. Kitabu kilitoka mwaka huo huo katika juzuu mbili. Majina yao yamo katika ukurasa wa anuani, wakitajwa kama watumishi waaminifu ambao habari zilipatikana kwao. Mwandishi ni Waller.