Mafua ya Ndege na Ulinzi wa Mipaka

Mnamo Januari 2017 Serikali ya Uganda ilitangaza kwamba mafua ya ndege yamegunduliwa katika ndege wahamaji waliokuwa wakifa kando ya Ziwa Victoria, karibu na Entebbe, na pia katika kuku na bata wa Masaka. Kenya na Rwanda zilizuia mara moja kuku wa Uganda kuingia kwao. Kukagua matenga ya kuku kukawa sehemu ya ulinzi wa nchi. Huenda wapo askari wanaoiona kazi hiyo kuwa ndogo. Historia yaonyesha vinginevyo.

Virusi vya H5N1, ndugu na vile vya Uganda, viligunduliwa mwaka 1996 katika mabata bukini wa jimbo la Guangdong, nchini China. Mwaka 1997 vilizuka Hong Kong, vikawashika watu 18 na kuwaua 6. Mwishoni mwa mwaka huo wakuu wa Hong Kong waliamuru kuku wote waangamizwe, nao walizidi milioni moja, na wenye mali wakalipwa fidia. Maambukizo kwa watu yakakoma.

Lakini adui hakuwa ameshindwa. Februari 2006 aliingia Afrika kupitia Nigeria, katika jimbo la Kaduna. Kabla ya mwezi kwisha alikuwa Niger. Machi akafika Kamerun. Ni kweli kwamba ndege wa angani hueneza ugonjwa huu, wala hakuna bunduki ya kuwazuia. Lakini kuku hasafiri mwenyewe kutoka nchi moja hadi nyingine. Hubebwa na binadamu, kwa baiskeli au kwa lori, na mara nyingi kwa njia za panya.

Misri yatupa funzo jingine. Huko kuku hufugwa hata juu ya mapaa ya nyumba za mijini. Ugonjwa ulipoingia mwaka 2006, ufugaji huo ulipigwa marufuku, na wengi wakaficha kuku wao. Katika miaka iliyofuata watu zaidi ya 350 waliugua, na zaidi ya 100 wakafa. Amri peke yake haitoshi ikiwa mnyonge anaona kwamba kutoa habari ni kujinyang'anya riziki yake.

Hapa kwetu, mwishoni mwa Oktoba 2017, vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya bila kibali viliteketezwa Namanga kwa hofu ya ugonjwa huu. Lawama zilikuwa nyingi, hasa upande wa pili wa mpaka. Tukio hilo lakumbusha kwamba askari anayezuia mali ya mtu hana budi kumweleza sababu, kwa heshima na kwa lugha inayoeleweka. Jirani si adui. Adui ni maradhi.

Ipo hatari nyingine iliyo karibu zaidi na askari mwenyewe. Virusi hivi humpata binadamu hasa anapomshika, kumchinja au kumnyonyoa ndege mgonjwa. Hivyo basi, kuku aliyekamatwa mpakani si kitoweo cha bwalo. Asiguswe kwa mikono mitupu, wala asigawiwe mtu. Aitwe bwana mifugo.

Walinzi wa mipaka wamefunzwa kumtambua adui mwenye silaha. Huyu hana silaha wala sare, naye hupita ndani ya tenga. Akipita, atakayelipa kwanza ni mkulima mwenye kuku watano uani.