Willowbrook na Safari ya Kurudi Mtaani

Mwaka 1948 mama mmoja wa jijini New York, Ann Greenberg, alilipia tangazo dogo katika gazeti la New York Post. Alikuwa na mtoto mwenye ulemavu wa akili, naye alitaka kujua kama kuna wazazi wengine wa watoto kama wake walio tayari kushirikiana naye kuanzisha shule ya chekechea. Wazazi wakajitokeza. Mwaka uliofuata wakaunda chama kilichojulikana kwa kifupi kama AHRC, na kwa michango yao wenyewe wakaanza kufungua madarasa na karakana za kufundishia kazi za mikono.

Huo ulikuwa ujasiri mkubwa kwa wakati ule. Mzazi aliyejifungua mtoto mwenye ulemavu wa akili, au mwenye mtindio wa ubongo, aliambiwa na madaktari wengi ampeleke kwenye taasisi ya serikali angali mdogo, kabla hajamzoea. Shule za kawaida zilikuwa na haki ya kumkataa mtoto huyo, na zilimkataa. Familia iliyobaki naye nyumbani ilibaki peke yake. Kwa hiyo wengi walimpeleka, wakilia, wakiamini wanampeleka kwenye matibabu.

Mahali ambapo wengi walipelekwa ni Staten Island, kisiwa kilicho sehemu ya jiji la New York. Huko, kwenye majengo yaliyotumika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kama hospitali ya jeshi, jimbo la New York lilifungua mwaka 1947 Willowbrook State School. Iliitwa shule, ingawa wengi wa waliolala humo hawakuwahi kuingia darasani. Ilijengwa kwa ajili ya watu 4,000. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 ilikuwa na zaidi ya 6,000.

Seneta Robert Kennedy alifika huko mwaka 1965 bila taarifa, akatoka amekasirika na kuwaambia waandishi wa habari kuwa mahali pale hapakuwa mbali na shimo la nyoka. Watu walikaa uchi au nusu uchi kwenye sakafu za saruji. Mhudumu mmoja aliachiwa wagonjwa 50, wakati mwingine 70, awalishe, awaoshe na kuwavisha. Mlo wa mtu mmoja ulipewa dakika tatu hivi, na asiyeweza kumeza kwa haraka alisukumiwa chakula kooni au alikikosa. Vifo vya nimonia vilivyotokana na chakula kuingia mapafuni vilikuwa jambo la kawaida.

Homa ya ini ilienea wodini kiasi kwamba mtafiti Saul Krugman wa Chuo Kikuu cha New York alipafanya mahali pale maabara yake. Kuanzia mwaka 1956 yeye na wenzake waliwaambukiza baadhi ya watoto virusi kwa makusudi, wakieleza kwamba wangeambukizwa hata hivyo. Ni kweli kuwa kazi hiyo ilisaidia kutofautisha homa ya ini aina ya A na ya B. Ni kweli pia kwamba watoto walitumiwa kwa sababu walikuwa pale na hawakuwa na wa kuwasemea, na kwamba baadhi ya wazazi walitia saini fomu za ridhaa wakati kitengo cha utafiti kilikuwa karibu mlango pekee wa kumpatia mtoto nafasi. Hakuna hesabu ya faida inayoweza kufuta hilo.

Kilichovunja ukimya ni watu waliokuwa ndani. Mwishoni mwa mwaka 1971 gazeti la kisiwani humo, Staten Island Advance, lilianza kuchapisha habari za Jane Kurtin kuhusu hali ya wodi. Daktari kijana, Michael Wilkins, alikuwa akiwahimiza wazazi wajipange na kudai haki za watoto wao. Januari 1972 akafukuzwa kazi, pamoja na afisa ustawi wa jamii Elizabeth Lee. Uongozi ukasahau kumnyang'anya Wilkins ufunguo. Akampigia simu mwandishi wa televisheni, Geraldo Rivera, akampeleka na kamera hadi jengo namba 6, akafungua mlango.

Picha zile zilipooneshwa, nchi nzima ilizizungumzia. Lakini mahojiano yaliyobaki vichwani mwa wengi ni ya Bernard Carabello, kijana wa miaka 21 mwenye mtindio wa ubongo. Aliwekwa Willowbrook akiwa na miaka 3 kwa kudhaniwa kuwa hana akili timamu, naye alikuwa na akili zake zote. Kilichokuwa kizito ni ulimi. Kwa miaka 18 hakuna aliyepata muda wa kumsikiliza hadi mwisho wa sentensi. Alitoka mwaka huohuo, na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha jimbo la New York kinachoongozwa na watu wenye ulemavu wa akili na ukuaji wenyewe.

Machi 1972 wazazi na mawakili walifungua shauri la pamoja katika mahakama ya shirikisho kwa niaba ya wakazi 5,000 na zaidi. Jaji Orrin Judd hakukubali kwamba Katiba inawapa haki ya kutibiwa, ila mwaka 1973 alikubali kwamba inawapa haki ya kulindwa dhidi ya madhara. Mlango huo ulikuwa mwembamba, lakini ulitosha kupitia. Mwaka 1975 Gavana Hugh Carey alitia saini makubaliano ya mahakama yenye masharti mengi na ya kina: nguo za mtu ziwe zake, asifungiwe chumbani peke yake, awe na muda wa saa 6 za mafunzo na shughuli kila siku ya kazi, na wahudumu waongezwe. Na juu ya yote, idadi ya wakazi wa Willowbrook ishuke hadi 250 ifikapo mwaka 1981.

Wangekwenda wapi?

Hapo ndipo historia hii inapokuwa na uzito, na ndipo wanaoisimulia huwa wanapaharakisha. Kamera zilifungua lango kwa siku moja. Kumtafutia mtu mmoja nyumba, mhudumu, gari, daktari wa meno anayekubali kumtibu na shule inayokubali kumpokea ni kazi ya miezi, na watu walikuwa zaidi ya 5,000. Makubaliano yalitaka nyumba za mtaani zisizidi watu 15 kwa watu wazima wenye ulemavu mdogo, na zisizidi 10 kwa watoto na wenye ulemavu mkubwa. Hiyo ilimaanisha mamia ya nyumba. Serikali ya jimbo haikuwa na nyumba hizo, na wala haikujua kuziendesha.

Waliojua walikuwa ni vyama kama kile kilichoanza na tangazo la gazetini, mashirika ya watu wenye mtindio wa ubongo, na mashirika ya kidini kama Catholic Charities. Kwa zaidi ya miaka 20 walikuwa wameendesha madarasa, karakana na kambi za watoto kwa fedha za kuungaunga. Sasa jimbo lilikuja kwao na mikataba. Walinunua au kukodi nyumba za kawaida katika Brooklyn, Queens, Bronx na kwingineko, wakapanua milango, wakaweka vyoo vinavyofikika kwa kiti cha magurudumu, wakaajiri wahudumu wa zamu za usiku na mchana. Wapo waliodai kwamba wenye ulemavu mkubwa hawataweza kuishi nje ya taasisi. Baadhi ya hao waliosemwa wakajifunza kula kwa mkono wao wenyewe, na wengine wakaanza kutembea, kwa sababu kwa mara ya kwanza kulikuwa na mtu wa kuwasubiri wamalize.

Majirani hawakuwapokea kwa vigelegele. Mikutano ya mitaa ilijaa watu waliodai kuwa thamani ya nyumba zao itashuka na watoto wao hawatakuwa salama. Mwaka 1978 Julian Wolpert wa Chuo Kikuu cha Princeton alichunguza bei za nyumba zilizo karibu na makazi hayo, hakuona kushuka kokote kulikosababishwa nayo. Mwaka huohuo bunge la New York lilipitisha sheria iliyosukumwa na Seneta wa jimbo Frank Padavan: halmashauri ipewe taarifa na siku 40, ndani yake ikubali, ipendekeze mahali pengine, au ipinge kwa hoja kwamba eneo lile tayari lina makazi mengi ya aina hiyo. Chuki tupu haikukubaliwa kuwa hoja. Sheria hiyo iliwaudhi watu wa pande zote mbili, na bado nyumba ziliendelea kufunguliwa chini yake.

Shule nazo zilileta vita vyake. Bodi ya elimu ya jiji ilitaka kuwatenga watoto wapatao 50 waliotoka Willowbrook, kwa kuwa walikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Ugonjwa ule waliupata kwenye taasisi ambako serikali yenyewe iliwaweka. Sasa ulitumiwa kuwafungia mlango wa darasa. Mahakama ilikataa, na mwaka 1979 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo: hatari ilikuwa ndogo mno, na kuwabagua kungewaumiza zaidi.

Tarehe ya mwaka 1981 ilifika bila lengo kutimia. Bunge la jimbo lilikuwa limekata fedha za jopo lililosimamia utekelezaji, na kufikia mwanzoni mwa muongo huo ni nusu hivi ya wakazi waliokuwa wamehamia mtaani. Mawakili walirudi mahakamani tena na tena. Willowbrook ilifungwa rasmi Septemba 1987, miaka 15 baada ya kesi kufunguliwa. Leo sehemu kubwa ya uwanja wake ni chuo, College of Staten Island.

Wakati New York ikihangaika, suala la fedha lilikuwa likiamuliwa Washington. Medicaid, mpango wa serikali wa kulipia matibabu ya watu wa kipato cha chini, ulilipia kitanda cha taasisi lakini kwa kawaida haukulipia msaada wa nyumbani. Mwaka 1981 mtoto wa miaka 3 kutoka Iowa, Katie Beckett, aliyehitaji mashine ya kupumulia, alikuwa amekwama hospitalini kwa sababu hiyo tu, ingawa kumtunza nyumbani kungegharimu sehemu ndogo ya bili ya hospitali. Rais Ronald Reagan alimtaja hadharani, na Katie akaruhusiwa kurudi nyumbani. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kinachoyaruhusu majimbo kuomba msamaha wa kanuni hizo na kutumia fedha za Medicaid kwa huduma za nyumbani na mtaani. Kifungu hicho cha bajeti kimehamisha watu wengi kuliko kesi zote.

Mabadiliko yakashika kasi. Mwaka 1991 New Hampshire ilifunga Laconia State School na kuwa jimbo la kwanza lisilo na taasisi ya serikali ya watu wenye ulemavu wa akili. Mwaka 1999, katika kesi ya wanawake wawili wa Georgia, Lois Curtis na Elaine Wilson, walioendelea kuwekwa hospitalini ingawa madaktari wao walikubali kuwa wanaweza kuishi nje, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba kumtenga mtu bila sababu ni ubaguzi. Hukumu iliandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg. Mwaka 1967 taasisi za majimbo zilikuwa na watu karibu 195,000 wenye ulemavu wa akili na ukuaji. Nusu karne baadaye walikuwa chini ya 20,000.

Wazo hilo limevuka mipaka. Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, inatambua haki ya kuishi katika jamii na kuchagua mahali pa kuishi na mtu wa kuishi naye. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Afrika Mashariki hakukuwa na Willowbrook za kubomoa; watunzaji walibaki kuwa familia, hasa kina mama na bibi, mara nyingi bila malipo wala mapumziko. Kwa hiyo huku swali linaanzia pale alipokuwa Ann Greenberg mwaka 1948: mtoto yupo nyumbani, je, nje ya mlango kuna nini kwa ajili yake?

Huko New York, nyumba za mtaani hazikumaliza maovu. Mwaka 2020 gazeti la New York Times lilieleza jinsi watu waliotoka Willowbrook walivyopigwa na kupuuzwa katika nyumba moja ya serikali huko Bronx. Wakati huo zaidi ya 2,000 wa waliohusika na kesi ile walikuwa bado hai, wakilindwa na amri ya mahakama ya mwaka 1993 inayowahakikishia huduma maisha yao yote. Amri hiyo haimlazimishi mtu kuwa mwema zamu ya usiku, wakati hakuna anayeona. Nyumba ya watu wanane isiyotembelewa na ndugu wala mkaguzi inaweza kurudi kuwa wodi, na wahudumu wanaolipwa mishahara midogo huondoka haraka. Nchini Marekani takriban 40% yao huacha kazi kila mwaka. Mtu asiyeweza kusema huanza upya kueleweka kila anapoletewa mgeni wa kumwogesha.

Halafu kuna foleni. Mwaka 2024 watu takriban 700,000 nchini humo, wengi wao wenye ulemavu wa akili na ukuaji, walikuwa katika orodha za kusubiri huduma za nyumbani na mtaani, baadhi yao kwa miaka mingi, wakitunzwa na wazazi ambao wenyewe wamezeeka. Sababu imo katika kifungu kilekile cha mwaka 1981. Kitanda cha taasisi kikishaingizwa katika mpango wa jimbo, anayestahili lazima apewe. Huduma ya nyumbani inategemea msamaha wenye idadi maalumu ya nafasi, na jimbo hupanga idadi hiyo kulingana na bajeti yake. Ndiyo maana vyama vya wazazi na vya watu wenye ulemavu wenyewe vinadai Bunge libadilishe kanuni hiyo, ili huduma ya nyumbani nayo iwe haki ya kila anayestahili.